"Mama, haya ya mbele hayazunguki"

Misimu miwili ya mvua niliendesha gari nikiamini magurudumu yake yote manne yanavuta, kumbe yaliyokuwa yanavuta ni mawili tu. Aliyeligundua hilo hakuwa fundi. Alikuwa mzee mmoja mrina asali, aliyesimama pembeni ya mbuga na fimbo yake mkononi, akitutazama tunavyohangaika.

Kazi yangu ni kununua asali vijijini huko Sikonge, upande wa Ipole na Kitunda, na kuileta Tabora mjini kuichuja na kuifungasha. Asali ni nzito kuliko watu wanavyodhani. Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ni kilo 20, lakini ikijaa asali inafika kilo 28 hivi. Ukipakia ndoo 20 umeshabeba zaidi ya nusu tani, na hujahesabu watu, tairi la akiba, jembe na maji ya kunywa. Ndiyo maana nilipopata hela kidogo sikutaka gari dogo. Nilinunua Mitsubishi Delica Space Gear ya mwaka 1996, dizeli ya lita 2.8, gia otomatiki. Ina nafasi ya kutosha ukitoa viti vya nyuma, na mfumo wake wa 4WD, yaani foo-wili, wa magurudumu yote manne kuvuta, ni ndugu wa ule uliofungwa kwenye Pajero za miaka ile. Aliyeniuzia alinionyesha mkono mdogo wa gia ulio kando ya ule mkubwa, akausogeza mbele na nyuma, akasema, "Dada, hii foo-wili yake haina shida." Nikaridhika. Sikuomba kuiona ikifanya kazi, na hata ningeomba, nisingejua nitazame nini.

Anayeijua nchi ya Unyamwezi anaelewa kwa nini hilo ni jambo kubwa. Juu kwenye miombo barabara ni mchanga. Ukishuka bondeni unakutana na mbuga, ule udongo mweusi ambao kiangazi unapasuka nyufa za kuingia mkono, na masika unakuwa ulimbo. Unajaza meno ya tairi mpaka tairi linakuwa laini kama mtungi. Lami ya kwenda Sikonge imetusaidia sana, lakini asali haikai kando ya lami.

Siku hiyo ilikuwa Desemba. Tulikuwa tunatoka upande wa Kitunda na mdogo wangu wa kiume, ndoo 22 nyuma, mvua imepiga usiku kucha. Kabla ya kuingia mbugani nilifanya kama nilivyofanya siku zote: nikaweka mkono mdogo kwenye 4HLc, moja ya nafasi za foo-wili. Kwenye dashibodi kuna kamchoro ka gari lenye magurudumu manne. Taa ya katikati ya rangi ya chungwa ikawaka. Taa mbili za kijani za magurudumu ya mbele zikawa zinawaka na kuzima, zinawaka na kuzima, kama kawaida yake. Mimi nilichukulia kwamba ndiyo dalili ya kufanya kazi, kama taa ya kuonyesha kona inavyowaka na kuzima.

Tulikwenda mita kama 60. Nyuma ikaanza kuzama, nikakanyaga mafuta, ikazama zaidi. Tukashuka, tukachimba, tukakata matawi, tukaweka chini ya matairi, yakamezwa. Mbung'o wa kule hawana huruma. Ukiinama kuchimba wanakutoboa mgongoni juu ya shati. Saa nzima ikapita hivyo.

Ndipo yule mzee akatokea na baiskeli yake. Tukamwamkia, akaitikia, akaegesha baiskeli kwenye mti. Akasema, "Mama, hebu kanyaga tena nione." Nikakanyaga. Matope yakaruka nyuma. Mzee hakutazama nyuma walikotazama watu wote. Alichuchumaa mbele, akaweka ncha ya fimbo yake kwenye tairi la mbele la kulia, akaiacha pale. Fimbo haikutikisika. Akaenda upande wa kushoto, akafanya vilevile. Kisha akaja dirishani.

"Mama, haya ya mbele hayazunguki."

Nilimjibu kwamba gari lina foo-wili na nimeshaiweka. Akasema taratibu, "Sikatai. Lakini hayazunguki."

Tulitolewa na ng'ombe wanne wa jirani mmoja Msukuma, kwa nira na mnyororo, jioni jua likizama. Niliwalipa, nikamshukuru mzee, na njia nzima hadi Tabora nilikuwa naitazama ile taa ya kijani.

Fundi ninayemwamini yuko Isevya. Hafanyi haraka na hapendi kuulizwa bei kabla hajaona. Alianza kwa kuniuliza taa za mbele zinafanyaje. Nikamwambia zinawaka na kuzima. Akaniambia, "Dada, hapo gari linakwambia bado. Linatafuta kuunga mbele, halipati. Likipata, taa zinatulia zinawaka moja kwa moja." Maneno hayo yaliniuma kidogo. Gari lilikuwa linaniambia ukweli kila siku, nami nilikuwa siijui lugha yake.

Akanieleza jinsi lilivyojengwa, na nataka nieleze hapa kama nilivyoelewa, kwa sababu madereva wengi wa magari haya hawajawahi kuelezwa. Kwenye 2H, nguvu yote inakwenda nyuma. Ili gari lisipoteze mafuta bure kuzungusha vyuma vya mbele, upande mmoja wa ekseli ya mbele unakatwa. Ndani ya ekseli kuna pete yenye meno inayosogezwa na uma mdogo: ikisogea huku inaunga, ikisogea kule inaachia. Uma huo hausogezwi na mkono wako. Mkono mdogo wa gia unaongoza transfa, kisanduku kinachogawa nguvu mbele na nyuma, lakini ile pete ya kwenye ekseli inasogezwa na vakyumu, yaani mvuto wa hewa unaotoka kwenye pampu ya injini, hiyohiyo inayokusaidia kukanyaga breki kwa wepesi. Mvuto huo unapita kwenye mipira myembamba, unafika kwenye vali mbili za umeme, moja ya kuunga na nyingine ya kuachia, kisha unashuka chini kwenye kidude cha mviringo chenye ngozi ya mpira ndani, ambacho ndicho kinachovuta uma.

Kwa hiyo unaweza kuweka mkono wa gia unapotaka, transfa ikatii, propela shafti ya mbele, ile nondo inayopeleka nguvu kwenye ekseli, ikapata nguvu, na bado magurudumu ya mbele yakakaa kimya, kwa sababu tu kampira kenye unene wa kalamu kamepasuka.

Alivyoutafuta ugonjwa ndicho nilichokipenda zaidi. Hakuwa na kipimo chochote. Alichomoa mpira mmoja mmoja, akaziba mwisho wa pili kwa kidole, akaunyonya kwa mdomo, kisha akauziba kwa ncha ya ulimi. Mpira mzima unaung'ang'ania ulimi, unabaki umening'inia hapo. Mbovu unadondoka. Watatu ulidondoka. Akaukunja mbele ya macho yangu na nikaona mpasuko mwembamba kama unywele, karibu na ncha, pale joto la injini linapoukausha. Wa tano ulikuwa umechomolewa na mtu wa zamani na kuzibwa kwa skrubu. Sijui ni nani aliyefanya hivyo. Nadhani alikuwa anazuia hewa isivuje breki zisiwe ngumu, na akaona 4WD si muhimu. Aliyeniuzia gari huenda hata hakujua.

Mipira yote ilibadilishwa siku ileile, na haikuwa ghali. Fundi akaniambia niwashe swichi bila kuwasha injini, nisogeze mkono mdogo, yeye akaweka vidole juu ya vali. Moja ililia tik. Nyingine ikalia tik. Zote nzima. Lakini tulipowasha injini taa bado zikaendelea kuwaka na kuzima. Akalala chini ya gari na tochi. Ule uma ulikuwa umeganda. Misimu na misimu bila kusogea, matope na kutu vimeushika. Alimiminia mafuta ya kulegeza kutu, akaacha usiku kucha, asubuhi akawa anausukuma kwa mkono, mbele, nyuma, mbele, nyuma, mpaka ukalegea. Tukawasha injini. Nikaweka 4H, nafasi nyingine ya foo-wili. Taa zikawaka na kuzima mara nne au tano, kisha zikatulia. Sikuwahi kuziona zimetulia tangu nilinunue gari lile.

Kutotumika ndiko kulikoua ule uma. Tangu hapo, kila mwezi, iwe masika au kiangazi, natafuta barabara ya vumbi, naweka 4H, naenda kilometa chache, naongeza 4HLc nikiwa kwenye mchanga, narudisha. Kiangazi watu wanashangaa, wananiuliza foo-wili ya nini kwenye vumbi. Nawaambia ni mazoezi.

Baada ya hapo nikaanza kuuliza mengine. Kwa nini kuna 4H na 4HLc? Nilidhani ya pili ni kali zaidi tu. Fundi akachora chini kwa kijiti: difu ya mbele, difu ya nyuma, na difu ya tatu katikati, ndani ya transfa. Difu ina tabia moja ambayo kwenye lami ni baraka na kwenye matope ni balaa. Inayaruhusu magurudumu yazunguke kwa kasi tofauti, kwa sababu kwenye kona la nje linatembea njia ndefu kuliko la ndani. Lakini likiwepo gurudumu linaloteleza, nguvu hulikimbilia hilohilo lisilo na kazi. Ukiwa na difu tatu zilizo wazi, gurudumu moja tu likielea kwenye matope linaweza kulisimamisha gari zima. Kwenye 4H ya gari hili kuna msaada: sahani nyingi nyembamba zilizokaa ndani ya mafuta mazito ya silikoni. Mbele na nyuma zikipishana kasi sana, yale mafuta yanapata joto na kukaza sahani, nguvu inarudi kugawanyika. Msaada huo unachelewa kidogo. Kwenye 4HLc difu ya kati inafungwa kabisa, mbele na nyuma zinazunguka sawa, kwa hiyo una uhakika wa angalau gurudumu moja mbele na moja nyuma. Na 4LLc ni hiyohiyo iliyofungwa, ila gia inapungua karibu nusu, gari linakwenda polepole lenye nguvu.

Nilivyolielewa hilo nikabadilisha namna ya kuingia mbugani. Sasa nasimama kwenye nchi kavu, naweka gia kubwa N (huru), naingiza 4LLc, nasubiri taa zitulie, ndipo naingia kwa mwendo mmoja bila kukanyaga kwa hasira. Ukisubiri mpaka umekwama ndipo uanze kutafuta gia, umechelewa. Gurudumu lililozunguka bure limeshajichimbia shimo. Kwenye mchanga mzito napunguza upepo wa matairi mpaka psi 20 hivi, na pampu ya mkono ipo chini ya kiti ya kuujaza tena nikifika lami. Kupunguza upepo kumeniokoa mara nyingi kuliko hata gia ya chini.

Kosa la pili halikuwa langu, lakini gari ni langu. Mdogo wangu aliliazima kwenda Sikonge msibani. Njiani palikuwa na kipande cha matope, akaweka 4HLc, akapita vizuri. Alipofika lami akaona gari limetulia sana, akaliacha hivyohivyo hadi Tabora, kilometa kama 70. Aliporudi alisema usukani ulikuwa mzito kwenye kona na matairi yalikuwa yanalia. Tukajaribu kurudisha 2H, mkono hautoki, kama umechomelewa.

Kinachotokea ni hiki. Kwenye kona, magurudumu ya mbele yanatembea njia ndefu kuliko ya nyuma. Ukiwa umefunga katikati, tofauti hiyo haina pa kwenda. Kwenye matope au mchanga, tairi linateleza kidogo na mambo yanaisha. Kwenye lami kavu tairi limeshika, kwa hiyo vyuma vyenyewe vinajisokota: propela shafti, kroso (viungo vyake), meno ya transfa. Mkono haukutoka kwa sababu meno yalikuwa yamebanana kwa huo msokoto. Fundi aliniambia kwa simu nirudi nyuma mita kadhaa, usukani umenyooka, huku mdogo wangu akiuvuta taratibu. Mita ya tatu ukatoka kwa kishindo. Tungeulazimisha kwa nguvu tungevunja kitu. Kwenye Delica hii 4H ya kawaida inaruhusiwa kwenye lami, hata mvua ikinyesha ni salama zaidi, kwa sababu katikati pako wazi. Lakini magari mengi ya zamani, zikiwemo Delica zilizotangulia hii, hayana difu ya kati kabisa. Hayo ukiweka 4H umeshafunga, na lami kavu si mahali pake. Ndiyo maana nasema usikubali kufundishwa 4WD na mtu mwenye gari tofauti na lako kabla hujajua lako ni la namna gani.

Matairi nayo. Hapa kwetu tunanunua mawili mawili, hela inapopatikana. Niliwahi kufunga mapya mawili nyuma, mbele yakabaki ya zamani yaliyokwisha meno. Namba zilizoandikwa ubavuni ni zilezile, nikaona yako sawa. Fundi alichukua uzi wa kushonea magunia, akauzungusha tairi la nyuma, akaukata, kisha akauzungusha la mbele. Ulizidi sentimeta karibu 4. Nikapiga hesabu: kila kilometa moja, tairi la mbele lilikuwa linazunguka mara 8 hivi zaidi ya la nyuma. Ukifunga 4HLc na tofauti hiyo, vyuma vinajisokota hata ukienda njia iliyonyooka, na kwenye 4H zile sahani za silikoni hazipati kupumzika. Sasa nanunua manne, hata kama ni ya mtumba, mradi yawe yamelika sawasawa. Nakusanya kwanza.

Kuhusu oil sina mengi. Difu zinataka oil ya daraja la GL-5, na difu ya nyuma ya aina ya LSD, ile inayozuia gurudumu moja lisizunguke bure, inataka iliyoandikwa ni ya LSD. Transfa usiitie ya difu mpaka uhakikishe kitabu cha gari kinasema nini. Kubwa zaidi ni maji. Difu ikitembea inapata moto. Ukiingia mtoni ghafla inapoa, hewa ya ndani inasinyaa, na inataka kuvuta kitu. Juu ya ekseli kuna kipumulio kidogo kama kofia ya kalamu. Kikiwa wazi, difu inavuta hewa. Kikizibwa na matope, inavuta maji kupitia kwenye oil sili. Yangu kilikuwa kimeziba. Tulipofungua nati ya chini ya difu ya nyuma ilitoka oil rangi ya chai ya maziwa. Tuliibadilisha mara mbili ndani ya wiki moja kuisafisha, na kipumulio tukakifungia mpira mrefu tukaupandisha juu karibu na tangi. Kila nikivuka maji sasa nasimama kwanza, vyuma vipoe, nikinywa maji yangu.

Mwaka huu mdogo wangu ameanza kwenda Kitunda bila mimi, kwa hiyo kabla mvua hazijaanza nilimwita uani. Nikamwambia awashe injini, aweke 4HLc, asubiri taa zitulie, azime. Tukapiga hendibreki, tukaweka mawe mbele na nyuma ya matairi ya nyuma, tukapiga jeki gurudumu la mbele la kulia hadi likaacha ardhi. Nikamweleza kwamba kama mbele hakujaunga, gurudumu hili litazunguka kwa mkono kama la baiskeli, hata taa ikidanganya.

Akalishika kwa mikono miwili, akakaza miguu, akavuta. Halikusogea. Akanitazama, akavuta tena kwa nguvu zaidi.

"Limegoma, dada."

"Teremsha jeki," nikamwambia, "twende na la kushoto."